Idhini ya Nyuma ya Pazia

Kwa miaka sita nilimfungulia lango mwalimu wa maigizo, na katika miaka hiyo sita sidhani kama zilitimia siku kumi nilizomwamini. Namwandika leo kwa kuwa Mwenyezi Mungu amenipa umri wa kutosha kuona pale nilipokosea, na pale nilipopatia pia, maana si kweli kwamba nilikosea kote.

Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina. Wanafunzi walimwita Mwalimu, na mkuu wa chuo alimwita Madam. Mimi watu waliniita Maalim, kwa sababu nyumbani Unguja nilisomesha watoto Qur'ani na kufungisha ndoa kabla ya kuja Dubai kulinda milango ya watu. Yeye peke yake aliniita Mzee. Alikuwa Mkenya wa bara, Mkristo, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kutembea kama mtu anayepima sakafu kwa hatua. Habari za ukoo wake na alikozaliwa sizijui wala sikuziuliza. Muulizaji alikuwa yeye.

Chuo chetu kilikuwa Al Qusais, katikati ya maghala na majengo ya kulala wafanyakazi. Kilikuwa chuo cha jamii, cha watu wanaofanya kazi siku sita na kusoma siku moja. Ijumaa baada ya sala walikuja walinzi, wapishi, mayaya na wahudumu wa hoteli, huyu anasoma Kiingereza, yule kompyuta, mwingine kushona. Yeye alisomesha maigizo katika chumba cha mwisho cha chini, kilichokuwa stoo ya mazulia, na harufu ya mazulia haikutoka humo hata siku moja. Nilipoambiwa kwamba mtu anaweza kupewa cheti kwa kujifanya mtu mwingine, nilicheka. Halafu nikakaa nikawaza, nikaona si jambo la kuchekwa. Mimi nililelewa katika mafunzo kwamba ulimi ni amana na kila neno litaulizwa.

Jambo la kwanza lililonitia shaka ni daftari. Alikuwa na daftari la jalada la kijani, na kila Ijumaa alifika saa nzima kabla ya darasa, akasimama kwenye kivuli cha kibanda changu, akaangalia watu wakipita na kuandika. Mara nyingine aliniuliza maswali ambayo sikuelewa mtu mwenye akili timamu atayafanyia nini.

"Mzee, ukimkatalia mtu kuingia, unatanguliza mkono gani?"

Nilimwambia sijui. Akaandika kwamba sijui.

Msomaji ambaye hajaishi kule huenda asione ubaya wa daftari. Lakini watu wetu wengi walikuwa wakikaa kwa visa ya mtu. Neno moja likifika kwa kafeel, mwajiri mwenye visa yako, khalas, imekwisha, unapewa tiketi na sanduku lako. Nilimwona akizungumza na yaya mmoja wa Kitanga, anamuuliza madam wake huongea vipi akikasirika, na yule mtoto wa watu anamwigizia kabisa, kiuno na mkono, huku akicheka. Mwalimu anaandika. Nikajiuliza, karatasi hizo zinakwenda wapi? Nilimwuliza mwenzangu wa zamu, Mganda mmoja mpole. Akasema yeye anadhani mama yule ni mpweke tu. Mimi nikasema upweke hauhitaji kalamu.

Jambo la pili ni sauti. Aliweza kuchukua sauti ya mtu yeyote. Ijumaa moja nilikuwa nyuma ya kibanda nasali Alasiri, na mwenzangu Mganda akasikia mimi, sauti yangu mwenyewe na kikohozi changu, nikimwambia kutoka nje afungue lango upesi, gari la maji limefika. Akafungua. Aliyeingia ni mwalimu, amebeba makasha mawili ya nguo, hana mkono wa kubonyeza kengele. Niliposimama kutoka kwenye mswala nikawakuta wanacheka mpaka wamejishika mbavu. Nilimwambia kwa upole kwamba sauti ya mtu ni mali yake.

"Ndiyo maana nimekurudishia, Mzee," akasema.

Wiki iliyofuata aliniletea tende ili tupatane. Nilizila, zilikuwa nzuri, nikashukuru. Lakini tangu siku ile niliweka akilini kwamba huyu ni mtu anayeweza kuzungumza akiwa hayupo.

Dini yake nayo sikuweza kuifumbua. Kila darasa lilianza kwa watu kuvua viatu na kusimama kimya dakika moja, macho yamefumbwa. Nilipopita dirishani nikaona wanafunzi wa Kiislamu wamo, nikahofu kuwa ni ibada ya namna fulani. Nikamwuliza wazi. Akasema kila mtu katika dakika hiyo afanye analotaka, asali au awaze chakula, yeye anachotaka ni wafike kweli, kwa kuwa wengi wao miili iko darasani na vichwa viko kwa madam. Wakenya wenzake walisema hawajapata kumwona katika kanisa lolote. Lakini adhana ikiadhiniwa alisimamisha somo palepale. Niliona kwa macho yangu kijana mmoja ameachwa na mkono juu, katikati ya kumlaani adui wa uongo, na mwalimu ameinamisha kichwa mpaka muadhini akamaliza. Kisha akasema, "Endelea, mlaani." Na mwezi wa Ramadhani, mchana, sikumwona hata siku moja akinywa maji mbele yetu.

Na mtu huyu ambaye kazi yake ni kufundisha kujifanya alichukia uongo kuliko watu wengi wa msikitini ninaowajua. Mwanafunzi mmoja alichelewa, akasema metro ilisimama njiani. Mwalimu alikuwa amemwona dukani anajaribu viatu. Alimfukuza wiki mbili. Nilimsikia akimwambia mlangoni, bila kupaza sauti: "Humu ndani uwe mfalme, uwe jini, uwe mama yangu. Hapa kizingitini niambie ukweli." Yule akarudi baada ya wiki mbili na viatu vyake vipya, akasimama kizingitini, akasema, "Nilikuwa dukani." Akaruhusiwa.

Nilizikusanya habari hizi zote na hazikukaa pamoja. Mtu nikishindwa kumjumlisha, namchunga.

Kisha akaja Rukia, na uchungaji wangu ukapata sababu.

Rukia ni binti wa ndugu yangu, marehemu, Mungu amrehemu. Ndugu yangu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo walii wa Rukia, yaani mwenye haki ya kumwozesha, ni mimi. Alikuja Dubai kuwa yaya katika nyumba moja ya Al Warqa. Madam wake alikubali kumpa ruhusa ya Ijumaa kwa kuwa mimi nilisimama mbele yake nikaahidi kwamba binti huyu anakwenda chuoni na kurudi, na kwamba mimi ndiye mlinzi wa lango la chuo hicho. Nilidhani atasoma Kiingereza. Alisoma mwezi mmoja, kisha nikamkuta katika chumba cha mazulia, peku, anatembea kama kikongwe.

Sikumgombeza. Nilimwuliza tu kimemvutia nini. Akasema, "Mle ndani, ami, naulizwa nawaza nini." Sikuona kuwa hilo ni jibu. Nikaenda ofisini nikajiandikisha na mimi. Wafanyakazi wa chuo tuliruhusiwa kozi moja kwa mwaka, na hakuna aliyewahi kuichukua. Ndivyo mzee mwenye ndevu nyeupe alivyokuwa mwanafunzi wa maigizo. Wenzangu wa kambini tulikolala walinitania sana, wakaniuliza nitacheza filamu lini. Nilisubiri wachoke, wakachoka.

Somo la kwanza mwalimu aliniambia nitembee kama ninavyotembea nikitoka msikitini. Nikatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Akatikisa kichwa.

"Huyu ni mlinzi," akasema. "Maalim yuko wapi?"

Nikarudia mara nne. Mara ya tano nilijisahau, nikafikiri habari ya vitabu vyangu nilivyoviacha Unguja, na darasa zima likanyamaza. Nakiri kwamba nilifurahi. Nakiri pia kwamba furaha hiyo ilizidisha shaka yangu, kwa sababu sikujua mtu anawezaje kunitoa ndani kitu ambacho sikumpa.

Wakati huohuo rafiki yangu wa tangu utotoni, tuliyesoma naye chuo kimoja cha Qur'ani, alinipigia simu kutoka Unguja kumposa Rukia kwa ajili ya mwanawe. Kijana mwema, wa familia ya dini. Nilikubali kwenye simu ileile na nikamhimidi Mungu. Jumamosi nikapanda basi hadi Al Warqa, nikampa Rukia habari kupitia nondo za lango la jumba. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Vyema, ami," kisha mtoto akalia ndani akakimbia. Nilirudi Al Qusais nikiwa nimeridhika. Niliona kuwa haya zimemzuia kusema mengi.

Mwisho wa mwaka kila kozi ilionyesha kazi yake ukumbini. Mwalimu aliamua kuwa sisi tutacheza harusi ya pwani: watu wanagombania pilau, viti, nani apande gari gani, nani amechukua udi, na bibi harusi yuko nyuma ya pazia muda wote na hakuna anayemkumbuka mpaka dakika ya kufunga ndoa. Watu walicheka sana katika mazoezi. Mimi nilihisi anatucheka sisi. Alinipa sehemu ya mzee wa bibi harusi, anayemwomba idhini na kumwozesha mwenyewe. Rukia alikuwa bibi harusi, aitwe Zuhura. Bwana harusi alikuwa Bakari, kijana wa Tanga, mhudumu wa hoteli ya Dubai Marina, Mwislamu, mcheshi, mwenye mchumba kwao.

Hapo maswali ya daftari yakazidi. Alikaa kibandani kwangu Ijumaa tatu akiniuliza ndoa husimama kwa mambo gani. Nikamweleza kama ninavyowaeleza vijana: walii, mashahidi wawili, tamko la kuozesha na jibu la kukubali. Tena nikamweleza desturi yetu, kwamba walii huenda mlangoni au kwenye pazia, akamwomba mwali idhini kwa sauti ya watu kusikia, na yeye hujibu kutoka ndani bila kuonekana.

"Na akikataa?"

"Hakuna ndoa. Kuhusu baba mzazi wanazuoni wana maneno yao. Lakini ami hawezi kumwozesha binti wa ndugu yake bila idhini yake mwenyewe."

"Na wewe ni ami wa Rukia."

"Ndiyo."

Akaandika, akapigia mstari. Niliuona ule mstari. Nilimwuliza kwa nini mchezo unahitaji kujua yote haya, na akasema wanafunzi wake hataki waigize, anataka wafanye. Neno hilo alilirudia kila siku: "Usiigize, Mzee. Fanya kama unavyofanya."

Nilitoa sharti moja. Tulifundishwa kwamba mambo ya ndoa na talaka hayana mzaha, ukiyatamka kwa utani huenda yakakushika kama uliyekusudia. Kwa hiyo nikasema majina yawe ya uongo muda wote, Zuhura na Idi, na nisiguse jina la mtu aliye hai. Akakubali bila ubishi. Nilimwazima hata pazia, shuka langu kubwa la kijani nililokuja nalo kutoka nyumbani.

Ijumaa ya onyesho ukumbi ulijaa. Nilivaa kanzu yangu ileile ya kufungishia ndoa, na hilo pengine ndilo kosa. Maana kanzu ilipotulia mwilini, na udi ulipofuka, na nilipokwenda mbele ya pazia na watu wakanyamaza, sikuwa tena mlinzi wala mwanafunzi. Nilikuwa nimesimama hivyo mbele ya milango mingi kwa miaka mingi. Nikasema kama ninavyosema:

"Rukia binti Khamis, umeniruhusu nikuozeshe?"

Sauti ikaja nyuma ya pazia, ndogo, safi: "Nimekuruhusu, ami."

Nikarudi, nikaketi, nikaushika mkono wa Bakari, nikamwozesha Rukia binti Khamis kwa jina lake na la baba yake, kwa mahari waliyokubaliana. Na Bakari, kijana aliyefundishwa asiigize, akajibu palepale kwamba amekubali kumwoa. Ukumbi ukapiga makofi. Nusu ya waliokuwa wakipiga makofi ni Waislamu wazima wenye masikio.

Nilitambua nilichosema wakati wa kuvua kanzu. Kichwa kilikuwa kimekwama kwenye shingo ya nguo, giza jeupe, na jina la ndugu yangu likanirudia masikioni.

Siku zilizofuata nilikwenda Deira kwa sheikh mmoja mwenye elimu kuliko mimi. Alinisikiliza kwa subira. Akasema wapo watakaosema mwigizaji ni kama msimulizi, anasimulia maneno ya mwingine na hayamshiki. Lakini wewe, akasema, umeacha jina la hadithi ukataja la kweli, na wewe ndiye walii wa kweli, na mwali kakuruhusu, na mume kakubali. Yeye hangethubutu kumwozesha binti huyo kwa mtu mwingine kabla Bakari hajatoa talaka, japo kwa tahadhari tu.

Bakari alikataa. "Maalim," aliniambia, "nikimwacha maana yake nilimwoa. Mimi nina mchumba Tanga, nitamwambia nini?" Nilimfuata hotelini, nilimfuata kambini. Alinikimbia kama mdeni. Nikampigia rafiki yangu Unguja nikamwomba tusubiri, bila kumweleza sababu, kwa aibu. Na mimi ambaye katika maisha yangu sijapenda kuwadhania watu vibaya, nilianza kupanga: daftari, maswali, mstari ule, neno lile la usiigize. Nikaona mkono wa mwalimu kila mahali. Nilidhani Rukia na Bakari wamependana, na yeye amewajengea jukwaa la kufunga ndoa machoni pangu, kwa mdomo wangu.

Nilimwuliza Rukia kama kuna jambo baina yake na Bakari. Akaapa hakuna. Nikamwendea mwalimu.

"Ulijua nitateleza," nikasema.

"Sikujua, Mzee. Lakini ndoa hiyo haipo."

"Wewe si mwenye kusema ipo au haipo."

Alifungua kinywa, akakifunga. Kwa mtu wa maneno kama yeye, hilo lilinitia shaka kuliko lolote. "Rudi kwa Rukia," akasema mwishowe. "Kuna swali hujamwuliza."

Nilijibu kwamba nimekwisha kumwuliza, nikaondoka. Sikurudi darasani.

Baada ya miezi minane Bakari alichoka kukimbia, akaja msikitini, akatamka talaka moja ya tahadhari mbele ya sheikh huku amekunja uso. Niliposhika simu kumpa rafiki yangu habari njema, akaniambia kwa upole kwamba mwanawe amekwisha kuoa, mwezi uliopita. Nikapanda basi hadi Al Warqa kumwambia Rukia. Akasema, "Vyema, ami." Maneno yaleyale, langoni palepale.

Mwalimu alisomesha miaka mingine mitatu. Nilimfungulia lango kila Ijumaa na kumpa salamu yake, maana salamu ni haki. Naye kila Ijumaa, akipita, aliniuliza bila kusimama, "Mzee, bado unanishuku?" Nami nilimjibu, "Nachunga lango." Likawa kama mchezo, ingawa mimi sikuwa nikicheza. Rukia aliendelea na kozi, akapata cheti, akaanza kuwafundisha wadogo. Sikumzuia. Lakini kila lilipokuja jina la mwalimu mdomoni mwake nilibadilisha mazungumzo.

Kisha kozi ikafungwa, mwalimu akaenda kusomesha kwingine, na kampuni yangu ikanihamishia mnara mmoja wa Dubai Marina. Huko ndiko alikonifuata, alasiri moja ya joto kali, miaka miwili tangu tuonane. Mganda ndiye aliyemwelekeza. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe mbele. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki. Akasema anarudi Kenya moja kwa moja wiki hiyo, na hataki kuondoka na kitu cha mtu.

"Nimekuletea pazia lako."

Shuka la kijani, limefuliwa, limekunjwa vizuri. Nikashukuru. Nikampa kiti changu, yeye akabaki amesimama, kama kawaida yake. Nikamwuliza afya, akaniuliza miguu.

"Mzee, bado unanishuku?"

Nilikuwa mzee wa kutosha kusema kweli. Nikasema ndiyo.

"Unafanya vizuri," akasema. "Kuna kitu nimekuficha. Niliahidi mtu nisiseme, na juzi huyo mtu amenifungua." Akaweka mkono juu ya shuka. "Siku ile, nyuma ya hili, Rukia hakuwepo."

Sikumwelewa.

"Alikuja kwangu dakika chache kabla. Akaniambia, Mwalimu, ami yangu akiniuliza nitalia mbele ya watu wote, maana hajaniuliza hata siku moja. Nikamwambia akae na mikoba. Nikasimama mimi pale."

Kisha akalisema tena, kwa sauti ile ndogo safi, mwanamke mwenye nywele nyeupe, mbele ya milango ya kioo ya mnara: "Nimekuruhusu, ami."

Nikalitazama lile shuka.

Alinieleza mengine taratibu. Kwamba alidhani yote ni mchezo mpaka nilipomwendea na uso ule. Kwamba alifungua daftari akasoma niliyomfundisha mwenyewe, ami hawezi bila idhini, akajua ndoa haipo, akataka kusema palepale. Lakini Rukia alikuwa amemwomba kwa machozi asiseme. Binti yule aliona kwamba shaka yangu ndiyo inayomkinga na ile ndoa ya Unguja, akaiacha iishi. "Nilichukia," akasema. "Unanijua navyouchukia uongo. Lakini hakuwa na mlango mwingine."

Nikamwuliza kwa nini Rukia amemfungua sasa. Alinitazama kama zamani kibandani, ila bila daftari.

"Mzee, si umepokea posa nyingine?"

Ilikuwa kweli. Wiki iliyotangulia, mtu mmoja mwema wa Deira, aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nimemjibu kwamba inshallah tumekubali. Nilimwambia Rukia Jumamosi. Alisema, "Vyema, ami."

"Basi kamwulize," akasema mwalimu. "Haki yake umeifundisha watu miaka yote. Mimi uliniandikisha kurasa nne."

Hakungoja nimpe mkono, alijua simpi. Aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya kwenye adhana, akaenda zake kwa hatua zile za kupima sakafu. Sikupata kumwona tena. Namwombea heri popote alipo, na kila ninapomwombea hukumbuka kwamba alinidanganya zaidi ya miaka mitano na kwamba yeye ndiye aliyenirudishia dini yangu mkononi, imefuliwa na kukunjwa.

Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa nusu siku. Nikapanda metro, nikapanda basi, na shuka langu kwapani, hadi Al Warqa. Rukia akatoka langoni na mtoto wa madam kiunoni, akashtuka kuniona siku isiyo yangu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na yote yakapotea.

"Rukia, mwanangu," nikasema, "yule mtu wa Deira. Unamtaka?"

Akanyamaza. Akamhamisha mtoto kiuno cha pili. Nimesoma, na nimesomesha, kwamba kimya cha mwali huhesabiwa kuwa idhini, na kwa kanuni hiyo nimefungisha ndoa nisizoweza kuzihesabu. Siku ile sikukihesabu. Nilisimama juani nikangoja neno, na safari hii nilikuwa nikiitazama midomo yake.

"Simtaki, ami," akasema.

Nikamwambia, "Vyema."

Nikatoa simu palepale langoni, mbele yake, nikampigia mtu wa Deira.